Kukata ni Rahisi, Kupandikiza Ndiyo Kazi

Mwaka 2016 Wakenya walicheka siku kadhaa kwa sababu ya picha za mwanamke mmoja aliyejionyesha yuko matembezini China. Alikuwa hajafika. Aliyemtengenezea picha hizo alimkata kutoka picha nyingine na kumbandika juu ya mandhari ya kigeni kwa mkono wa haraka mno, mama wa watu akaelea pale kama stempu juu ya bahasha. Wajanja wa mitandaoni nao wakalichukua umbo lake, wakalibandika kila mahali palipowajia akilini. Kisha kicheko kikageuka. Wakatokea watu wa kumchangia, na baadaye akapanda ndege ya kweli kwenda China ya kweli.

Ukiitazama picha ya aina ile kwa jicho la fundi, utagundua kuwa ina makosa ya aina mbili, na watu wengi huyahesabu kuwa moja. Kosa la kwanza ni la mkasi: ukingo wa mwili haukufuatwa. La pili ni la upandikizaji. Hata kama mkasi ungefuata kila unywele, mtu yule bado angeelea, kwa sababu mwanga unaompiga hautoki kwenye jua la pale alipowekwa, na miguu yake haina kivuli. Kubadili mandharinyuma, kile ambacho wapiga picha wa mitaani hukiita tu bakigraundi, ni kazi mbili zenye tabia tofauti kabisa. Akili mnemba, au akili unde kama Wakenya wengi wasemavyo, imeimaliza ile ya kwanza kwa kiasi kikubwa. Ya pili bado inawatoa watu jasho.

Tamaa yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1990, msafiri aliyeshuka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, aliwakuta wapiga picha wamejenga vibanda vyao kando ya njia, na ndani yake mapazia yaliyochorwa kwa rangi: meli, ndege, majengo marefu ya mjini. Kijana aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya meli ya rangi na kutuma picha kwao. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa kuunganisha picha moja na nyingine katika studio yake, akimweka mteja mahali ambapo kamera peke yake isingeweza kumweka. Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 na pazia lake la kwanza likawa shuka lake la kitandani, lenye matamvua pembeni. Alibadilisha mapazia kila baada ya miaka michache, na uzeeni aliweza kukisia picha ni ya mwaka gani kwa kuangalia tu kitambaa kilicho nyuma ya mtu.

Mapazia hayo hayakumdanganya mtu. Kunjo lilionekana, na pengine ncha ya kamba, na mjomba aliyepokea picha kijijini alijua fika kwamba mpwa wake hana meli. Alichokiona ni nia: mpwa ana afya, ana viatu, ana ndoto. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa maana ndilo linalotenganisha mchezo na ulaghai kuliko teknolojia yoyote.

Mafundi wa chumba cha giza nao walikuwa na sababu zao. Katika miaka ya 1850 kemikali za picha zilikuwa na wepesi mkubwa mno kwa rangi ya bluu, hata anga ikatoka nyeupe tupu kila mpiga picha aliposubiri bahari iingie vizuri. Mfaransa Gustave Le Gray akapiga negativu mbili, moja ya mawimbi na nyingine ya mawingu, akazisafisha pamoja kwenye karatasi moja. Picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857 zilistaajabisha watu wa London na Paris. Kwa maneno ya leo, alibadilisha bakigraundi, naye alifanya hivyo ili picha ifanane zaidi na kile ambacho jicho liliona.

Sasa tuingie kwenye mkasi wenyewe.

Mtu asiyewahi kufanya kazi hii hudhani kwamba picha ina mtu na ina ukuta, na kati yao pana mstari. Ikuze mara nane, uutafute mstari huo. Haupo. Pale kwenye ncha za nywele, pikseli moja ina nywele kidogo na ukuta kidogo, rangi zao zimekorogwa kama chai na maziwa. Swali si kama pikseli hii ni ya mtu au ya ukuta. Swali ni asilimia ngapi ya kila mmoja, na je, nywele zilikuwa na rangi gani kabla ya kukorogwa na ukuta? Kamera inatupa tarakimu tatu tu kwa kila pikseli: nyekundu, kijani na bluu. Tunachotaka kujua ni vitu saba: rangi tatu za mtu, rangi tatu za ukuta, na kile kiwango cha mchanganyiko. Mwanafunzi yeyote wa hesabu za sekondari anajua kuwa milinganyo mitatu haitoi majibu saba. Kila njia iliyobuniwa, ya mkono au ya mashine, ni namna ya kukisia yale manne yaliyobaki.

Watu wa sinema waliliona tatizo hili mapema, wakaamua kuuondoa utata kabla kamera haijawashwa. Ukijua ukuta ni wa bluu, umeshapata majibu matatu bure. Filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940 iliipatia mbinu ya pazia la bluu tuzo ya Oscar. Baadaye mhandisi Petro Vlahos akaja na ufundi uliopita huo: pazia linalomulikwa na taa za sodiamu, zilezile za manjano zilizokuwa zikimulika barabara, ambazo mwanga wake umebanwa kwenye upana mdogo sana wa rangi. Kipande cha kioo ndani ya kamera kiliutenga mwanga ule na kuupeleka kwenye filamu ya pembeni, na filamu hiyo ikawa mkasi. Ndiyo sababu katika Mary Poppins ya mwaka 1964 wavu mwembamba wa kofia unaonekana mbele ya mandhari ya kuchorwa bila doa. Pazia la kijani tunalolijua leo lilishika hatamu kamera za kidijitali zilipoingia, kwa kuwa nusu ya vihisio vya kamera nyingi husoma kijani, na robo tu nyekundu na robo bluu. Tatizo lake hulijui mpaka ulipate: kijani humwagika. Hutua mabegani na chini ya kidevu, na bwana harusi anaonekana kama mtu aliyeugua nyongo.

Mpiga picha wa kawaida hana pazia la sodiamu. Anacho alichoshika mteja: picha iliyopigwa sebuleni, nyuma pana friji na kalenda ya mwaka jana. Kwa huyo, mkombozi alikuwa Photoshop, programu ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, iliyotoka Februari 1990, na hasa toleo la mwaka 1994 lililoleta tabaka, yaani uwezo wa kuweka picha juu ya picha bila kuzigandisha. Mwaka 1996 ikafuata GIMP, ambayo ni bure hadi leo, na ambayo imewafundisha kazi vijana wengi waliokosa fedha za leseni.

Fundi wa mkono hafanyi kama watu wanavyodhani. Hashiki kifutio akaanza kufuta. Huanza na kalamu ya kuchora njia, akapita kwenye mabega, mikono na viatu, nukta kwa nukta, akiingia ndani ya ukingo kwa pikseli moja hivi ili asiburute rangi ya ukuta. Akifika kichwani huacha kalamu. Hapo hutenganisha picha katika rangi zake tatu na kutafuta ni ipi inayoonyesha nywele nyeusi kabisa na ukuta mweupe kabisa. Mara nyingi kwa mtu mwenye nywele nyeusi mbele ya ukuta mwangavu ni ile ya bluu. Huinakili picha ya rangi hiyo, akaikaza mpaka nywele ziwe wino na ukuta uwe maziwa, akaigeuza kuwa maski. Maski haifuti kitu, inaficha tu. Pakikosewa unapaka rangi nyeupe na mtu anarudi. Kichwa kimoja chenye afro kinaweza kula dakika arobaini. Rasta ni nafuu, kila moja ina ukingo wake. Nywele zilizosukwa zikabanwa ni zawadi kutoka kwa Mungu.

Mtihani mkuu, hata hivyo, ni shela ya bibi harusi. Shela haina ndani wala nje. Kila pikseli yake ni kitambaa na ni ukumbi kwa wakati mmoja, na ukuta ukibadilika, kinachoonekana kupitia shela lazima kibadilike nacho. Fundi mzembe huikata shela pamoja na mabaki ya ukumbi yaliyonaswa ndani yake, akampeleka bibi harusi ufukweni, na kwenye shela bado zinang'aa taa za ukumbi. Watu wa nyumbani hawatajua kusema kuna nini, ila picha haitatundikwa.

Mashine iliingia kazini kwa hatua. Mwaka 2004 watafiti wa Microsoft waliopo Cambridge walitangaza mbinu ya GrabCut: mtumiaji anachora kisanduku kumzunguka mtu, na hesabu inabashiri kipi ni mtu na kipi si mtu kwa kulinganisha rangi. Ilifanya kazi mpaka pale shati lilipofanana na ukuta. Mageuzi yakaja mashine zilipoacha kuangalia rangi peke yake na kuanza kujifunza maumbo kutokana na mifano mingi. Mtandao wa neva uitwao U-Net, wa mwaka 2015, ulitengenezwa Ujerumani kwa ajili ya picha za maabara za seli, si kwa ajili ya harusi, lakini muundo wake ukarithiwa na programu nyingi za kukata watu. Desemba 2018 kampuni ya Vienna ikafungua remove.bg: unapakia picha, sekunde chache, mtu yuko peke yake. Mwaka 2021 ikanunuliwa na Canva. Mwaka uliofuata simu za iPhone zikaanza kumng'oa mtu kwenye picha kwa kumbonyeza tu kwa kidole. Aprili 2023 Meta ikatoa mfumo uliofunzwa kwa picha milioni 11 na maumbo zaidi ya bilioni 1 yaliyowekewa mipaka, karibu yote yakiwa yamechorwa na mashine yenyewe baada ya kufundwa na watu.

Kwa hiyo dakika arobaini zimekuwa sekunde nne. Kwa muuza viatu wa Instagram hii ni neema isiyo na mjadala. Amazon hudai picha kuu ya bidhaa iwe na nyuma nyeupe kabisa, na hata pale pasipo sharti hilo, kiatu kilichopigwa juu ya zulia la sebuleni hakiuziki kama kiatu kilichosimama peke yake. Zamani kazi ya viatu mia ilikuwa mshahara wa mtu wa wiki nzima. Leo anaifanya mwenye duka mwenyewe akisubiri daladala.

Lakini mashine iliyojifunza kwa mifano haijui isichoonyeshwa. Septemba 2020, wakati dunia nzima ikifundisha kwa Zoom, mhadhiri mmoja mweusi nchini Kanada aliweka mandhari ya bandia nyuma yake na kichwa chake kikatoweka. Mwenzake mweupe aliyekuwa akimsaidia alibaini kuwa programu ilikuwa imeliona tufe la dunia lenye rangi hafifu lililokuwa nyuma ya mhadhiri, ikalichukua hilo kuwa ndio uso. Miaka miwili kabla, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walikuwa wamechapisha utafiti juu ya mifumo ya kutambua jinsia kwa sura, wakitumia picha za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini na nchi tatu za Ulaya Kaskazini. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi mfumo mmoja ulikosea hadi asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hakuna uliokosea zaidi ya asilimia 0.8. Kutambua jinsia si kukata picha, ila ugonjwa ni mmoja. Mambo yamekuwa nafuu tangu hapo. Hata hivyo fundi wa Dar es Salaam anayemkata mama mwenye buibui nyeusi mbele ya pazia la kahawia jioni, bado hulazimika kushika kalamu.

Tuje kwenye upandikizaji, na hapa ndipo macho ya fundi mzoefu yanapolipa.

Chukua picha ya kijana aliyepigwa saa sita mchana, jua utosini. Macho yake yamezama kwenye kivuli cha paji la uso, na chini ya pua pana doa jeusi. Mbandike mbele ya machweo ya ufukwe wa Coco Beach, Dar es Salaam. Machweo humpiga mtu kutoka ubavuni au mgongoni, kwa mwanga wa dhahabu unaolala. Kijana huyu anawaka kutoka juu kwa mwanga mweupe. Hakuna kitufe kitakachoyafumbua macho yake bila kuuchora uso upya. Dawa ni kumtafutia mandhari ya saa sita, au kupiga picha nyingine.

Kuna na kosa la upeo, ambalo wengi hulihisi bila kulijua jina. Palipo tambarare, mstari wa bahari na mbingu hukaa usawa wa kamera. Kama kamera ilishikwa usawa wa kifua cha mtu, upeo unapaswa kupita kifuani mwake, popote asimamapo. Ukiupitisha kwenye magoti, kijana amekuwa jitu. Ukiupitisha juu ya kichwa, ametumbukia shimoni. Fundi wa mapazia ya kuchorwa aliweza kukwepa hili kwa kuchora upeo palipomfaa. Fundi wa kompyuta huletewa picha mbili zilizopigwa na watu wawili wasiojuana na kuambiwa azioze.

Kisha kivuli, na si kile kirefu kinacholala chini pekee. Pale soli inapogusa ardhi pana utepe mwembamba mweusi, mpana kama kidole. Ukiusahau huo, kazi nyingine yote imepotea bure. Mafundi wengi huuchora kwa mkono, kwa brashi laini, hata baada ya mashine kukata kila kitu.

Tangu Mei 2023, Photoshop ilipoanza kujaribu kujaza picha kwa maneno, mashine imeanza kugusa na kazi hii ya pili. Unaandika unachotaka, nayo inachora mandhari na kujitahidi kuoanisha mwanga na kivuli. Inapofaulu, inafaulu kweli. Ila sasa haichukui picha ya mahali, inabuni mahali. Omba baraza la nyumba ya Waswahili na unaweza kupewa mlango wa nakshi ambao nusu ni Unguja, nusu ni Marrakech. Muuza khanga ana kilio zaidi. Mashine ikiombwa kuurefusha upindo wa nguo uliokatwa na fremu, huenda ikachora pindo safi na mahali pa jina ikaweka vijistari vinavyofanana na maandishi lakini havisemi kitu. Anayenunua khanga hununua jina. Bidhaa iliyo pichani haipo dukani, na haipo popote.

Liko pia suala la nani anabaki na picha. Programu nyingi za bure hazikati picha kwenye simu yako. Huipeleka kwenye kompyuta za kampuni, pengine nje ya bara. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na mwenye studio anayepakia nyuso za wateja mia kwa siku hajiulizi kama zinamhusu. Zinamhusu. Njia ipo: programu ya rembg ni ya bure na hukata ndani ya kompyuta yako mwenyewe, ukishaipakua haihitaji hata bando.

Turudi kwa mjomba na meli ya Likoni. Alikubaliana na picha kabla hajaifungua. Pazia lilikuwa mkataba ulioonekana. Upandikizaji uliokamilika huufuta mkataba huo, na hapo inakuwa muhimu kujua picha inaenda wapi. Kadi ya harusi haina mlalamikaji. Habari ina. Jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza kwenye jalada la Februari 1982 ili zienee, na lawama zake hazijaisha mpaka leo. Mwaka 2003 Los Angeles Times lilimfukuza mpiga picha wake aliyeunganisha picha mbili za Basra, Irak, kuwa moja, ijapokuwa zote mbili zilikuwa za kweli na zilipigwa kwa kupishana sekunde chache. Aligunduliwa kwa sababu baadhi ya watu waliokuwa nyuma walitokea mara mbili. Yaani bakigraundi ndiyo iliyomshtaki.

Na liko eneo moja la kila siku ambapo kazi zote mbili, kukata na kupandikiza, zimepigwa marufuku. Ofisi moja hutaka picha ya paspoti yenye nyuma ya bluu, nyingine nyeupe, na kwenye steshenari za mijini fundi hubadilisha rangi hiyo kwa kubofya mara mbili, hakuna anayeuliza. Picha ya viza ya Marekani ni habari nyingine. Inchi 2 kwa 2, nyuma nyeupe au karibu na nyeupe, bila miwani, ya ndani ya miezi 6, na isiwe imehaririwa kwa kompyuta. Akija mteja wa namna hiyo, fundi anayejua kazi yake haigusi programu. Anatoa shuka jeupe kabatini, analikung'uta, anawaita vijana wawili walishike pembe. Anamwambia mteja asogee mbele hatua moja, kivuli kiangukie sakafuni kisipande kwenye kitambaa. Mmoja wa vijana anacheka, shuka linatikisika. Inabidi warudie.